Shangazi, Usiisugue kwa Ndimu

Picha iliingia saa moja na nusu asubuhi, nimesimama kituoni nangoja basi. Binamu yangu wa Tanga alikuwa ameweka sarafu juu ya kitambaa cha meza na kuipiga picha kutoka mbali, kivuli cha simu kimeangukia katikati. Chini yake kaandika: "Dada, tumeipata kwenye kasha la bibi. Kuna mtu hapa anasema hii ni mamilioni. Shangazi anataka kuisafisha kwanza ndipo tukutumie picha nzuri."

Nilijibu mbio mbio: "Mpe shangazi shikamoo yangu, na mwambie asiiguse. Asiisugue kwa ndimu, wala majivu, wala dawa ya meno. Nipigieni kwanza."

Nina sababu ya kushtuka. Nyumbani kwetu, wiki moja kabla ya Idi, masinia na birika za shaba hutolewa uani. Kila mtoto hupewa nusu ya ndimu, chumvi ya mawe na kipande cha kumbi la nazi. Unasugua mpaka kiganja kinawasha, unasuuza, unaanika, na jua likiipiga ile shaba huwezi kuitazama. Kwa hiyo nilipohamia hapa Marseille na kununua sarafu yangu ya kwanza ya Kifaransa, kipande kinene cha shaba cheusi kama ukoko wa wali, nilifanya kile nilichofundishwa na mama. Ndimu, chumvi, kitambaa. Ikatoka rangi ya waridi kama kamba aliyetoka kwenye sufuria. Nikaona nimeiokoa.

Jumamosi iliyofuata niliipeleka kwa mzee mmoja anayeuza sarafu, nikitaka tu kujua nimepata nini. Aliiweka chini ya taa. Hakusema neno. Alifungua mtoto wa meza, akatoa sarafu nyingine ya mwaka uleule, akaiweka kando ya yangu, akanipa kioo cha kukuzia. Ya kwake ilikuwa ya kahawia iliyokolea, kama kahawa ya mwisho wa buli, na nywele za Napoleon wa Tatu, mfalme wa Ufaransa aliyechongwa juu yake, zilionekana unywele kwa unywele kwa sababu weusi ulikuwa umekaa kwenye mabonde na mwanga umebaki vilimani. Yangu ilikuwa mng'ao mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya kioo niliona mikwaruzo ya chumvi imejipanga kama alama za ufagio kwenye mchanga. "Hii ilikuwa na ngozi," akaniambia. "Umeichuna."

Sijaisahau kauli hiyo. Ile rangi si uchafu. Ni shaba yenyewe iliyokutana na hewa, jasho na mifuko ya watu kwa zaidi ya miaka 160 ikajifunika. Wakusanyaji huiita patina. Ukishaiondoa hairudi. Shaba itaanza kugeuka tena, lakini kwa mabaka na kwa rangi isiyo yake, na mtu mwenye jicho ataitambua hata miaka 20 baadaye. Kama sarafu ina udongo, iloweke usiku kucha kwenye maji yaliyosafishwa ya duka la dawa, kisha iweke juu ya kitambaa laini inyonywe maji. Usifute. Zaidi ya hapo, iache.

Basi, jioni ile binamu akapiga. Shangazi alikuwa pembeni, namsikia akiuliza kama kweli ndimu inaweza kuharibu kitu.

Nilimwomba binamu afanye jambo la kwanza ambalo mtu yeyote mwenye sarafu ya zamani mkononi anapaswa kufanya kabla hajaangalia hata sura: aipime. Akaenda kwa sonara wa mtaani kwao, ambaye mizani yake hupima hata kipini cha pua. Gramu 9.6. Kwa rula, upana milimita 30. Kabla hajanisomea herufi hata moja nilikuwa nimeshajua kwa kiasi kikubwa tunazungumzia nini, kwa sababu sarafu hizi za Ufaransa ziliundwa kwa utaratibu ambao mimi bado unanifurahisha kila nikiufikiria.

Kabla ya mwaka 1852, fedha ndogo za Ufaransa zilikuwa vurugu. Mfukoni mwa muuza mboga mngeweza kukaa pamoja vipande vya wakati wa mfalme Louis XVI vilivyolika mpaka vikawa visahani visivyo na sura, na vipande vya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa ambavyo vingine vilitokana na kengele za makanisa zilizoyeyushwa. Uzito haukulingana, upana haukulingana. Sheria ya tarehe 6 Mei 1852 ikaamuru shaba yote hiyo ikusanywe, iyeyushwe na kupigwa upya. Mchanganyiko mpya ulikuwa sehemu 95 za shaba nyekundu, 4 za bati na 1 ya zinki, mgumu na imara kuliko shaba tupu. Waingereza walipobadilisha peni zao mwaka 1860 nao wakachukua mchanganyiko huohuo.

Lakini uzuri wenyewe uko kwenye uzito. Santimu 1, yaani sehemu moja ya mia ya faranga, ilikuwa gramu 1. Santimu 2, gramu 2. Santimu 5, gramu 5. Santimu 10, gramu 10. Mwanamke wa sokoni mwenye sarafu kumi kubwa kwenye kikapu alikuwa na gramu 100 za kupimia, na hakuna aliyehitaji kumfundisha. Watu hawakuita "santimu kumi". Waliita *gros sou*, sou nene, kwa kuwa sou ya kawaida ilikuwa santimu 5. Kwa hiyo gramu 9.6 na milimita 30 ni sou nene iliyopoteza takriban nusu gramu mikononi mwa watu. Ingekuwa gramu 7 au 12, ningemwambia binamu asubiri kwanza, kuna jambo.

Nikamwambia aniambie anaona nini upande wa kichwa. Mwanamume mwenye masharubu yaliyochongoka na ndevu ndogo za kidevuni, anatazama kushoto, kichwa kitupu. Maneno NAPOLEON III EMPEREUR yamemzunguka, mwaka uko chini. Chini ya shingo, ukikaza macho, jina la mchongaji, BARRE.

Hapo kuna mgawanyiko wa kwanza mkubwa, na hauhitaji kioo. Sarafu za shaba za Napoleon wa Tatu ziko za aina mbili. Za kuanzia 1852 hadi 1857 zinamwonyesha kichwa kitupu. Kuanzia 1861 anavaa shada la majani, kama makaisari wa Roma, maana mwaka 1859 alikuwa ameshinda vita kule Italia. Ukiwa na ya kichwa kitupu iliyoandikwa 1862, au ya shada iliyoandikwa 1854, usiikimbilie kwa furaha. Itazame tena kwa shaka.

Ya binamu ilikuwa kichwa kitupu, mwaka 1855.

Kisha nikamwambia aishike kwa vidole viwili, kimoja ukingo wa kushoto na kimoja ukingo wa kulia, aipindue hivyo, kutoka juu kwenda chini. Tai akatokea amesimama wima. Kisha nikamwambia aizungushe kama unavyofungua mlango, kushoto kwenda kulia. Tai akawa kichwa chini. Akacheka. Alikuwa na senti kumi ya kikoloni ya Afrika Mashariki mezani, ile yenye tundu, akaijaribu nayo. Yenyewe ilifanya kinyume chake. Ndivyo ilivyo. Wafaransa walipiga pande mbili za sarafu zao zikiwa zimepishana juu kwa chini, Waingereza wakazipiga hizi za Afrika Mashariki zikiwa zimesimama pamoja. Ni jambo dogo, lakini limewahi kuninusuru nisinunue kipande cha kuigiza ambacho aliyekitengeneza hakulijua.

Upande wa tai ndiko kwenye bei. Tai amekaa juu ya radi, mabawa wazi, juu yake EMPIRE FRANÇAIS, chini DIX CENTIMES. Na katikati, chini ya makucha yake, kuna herufi moja au mbili ambazo watu wengi huziona kama pambo. Hizo ni kitambulisho cha kiwanda kilichoipiga. Shaba ya nchi nzima haikuweza kupita kiwanda kimoja, kwa hiyo viwanda saba viligawana kazi. A ni Paris. B ni Rouen. BB ni Strasbourg. D ni Lyon. K ni Bordeaux. W ni Lille. Na herufi M na A zilizounganishwa kuwa alama moja ni Marseille.

Binamu alikaa kimya muda mrefu. Namsikia akivuta pumzi, anahamisha taa. "Dada, hapa kuna kama M imekumbatiana na A."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Kutoka chumbani kwangu inaonekana bandari, si yote, kipande tu kati ya majengo mawili. Sarafu iliyokuwa kwenye kasha la bibi kule Tanga ilikuwa imepigwa katika mji huu ninaoishi mimi, na baada ya mwaka 1857 herufi hizo hazionekani tena kwenye sarafu hizi. Kwetu huwa inasimuliwa kwamba baba yake bibi alikuwa akipakia makaa kwenye meli za Wafaransa zilizokuwa zikishuka kutoka hapa, zikipita mfereji wa Suez, zikigusa pwani yetu na Komoro kabla ya Madagaska. Nilikuwa nikiyasikia kama masimulizi ya wazee. Na inawezekana kabisa kwa tarehe, kwa kuwa shaba ya Napoleon haikuondoka mifukoni mfalme alipoondolewa mwaka 1870. Iliendelea kununua mkate hadi karne ya 20, mpaka sarafu mpya nyeupe zenye tundu katikati zilipoichukulia nafasi.

Shangazi akachukua simu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza swali alilokuwa akilingoja: "Sasa mwanangu, ni bei gani?"

Nilimjibu kama ilivyo, na ninaandika hapa kwa wote wanaonitumia picha kutoka Tanga, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi, maana wamekuwa wengi. Sarafu hii kwa hali iliyonayo, hapa kwenye soko lake lenyewe, ni euro 2 hadi 4. Haifiki shilingi elfu kumi na tano. Kwenye masoko ya Jumapili ya vitu vya zamani zimejaa kwenye mabakuli, unachagua mwenyewe, na zile zilizolika sana nimezichukua kwa euro moja moja. Thamani ya shaba yenyewe, ukiiyeyusha, haifiki robo ya euro. Zilipigwa kwa mamilioni, zilikuwa fedha za maskini na matajiri, na hakuna aliyezitupa.

Kinachopandisha bei ni hali yake, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojidanganya bila kukusudia. Umri si kitu. Wapo wanaodhani kila kitu cha miaka 170 ni hazina, lakini nimewahi kushika shaba ya Waroma ya miaka 1,700 iliyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Mnunuzi wa sarafu hii hulipia kile ambacho mikono ya watu haikukichukua.

Mahali pa kutazama ni palipoinuka, maana ndipo panapolika kwanza. Kwenye kichwa, tazama nywele zilizo juu ya sikio na ule ukingo wa nyusi. Kwenye tai, tazama manyoya ya kifua na mahali mguu unapokutana na mwili. Kama kifua cha tai ni laini kama kokoto ya pwani, sarafu imetembea sana. Kama manyoya yanahesabika, umepata kitu cha kuweka kando. Wafaransa wana ngazi zao za kupima: B, TB, TTB, SUP, SPL na FDC. Wanaoanza wanaumizwa na hiyo B, kwa kuwa ni kifupi cha neno lenye maana ya "nzuri", na kumbe sarafu ya B imelika kiasi kwamba unasoma mwaka kwa shida. TB bado ni ya chini. TTB ndiyo ambayo mtu wa kawaida akiiona atasema ni nzuri. FDC ni ile iliyotoka chini ya muhuri wa kiwanda na haikuwahi kununua chochote. Shaba nyekundu ya siku ya kwanza bado inamulika pembezoni mwa herufi.

Kati ya ngazi hizo bei haipandi kama ngazi za nyumba, inapanda kama mnazi. Ile ya euro 2, ikiwa TTB, yaweza kufika euro 10 au 20. Ikiwa FDC, kwa baadhi ya miaka na viwanda, inaingia kwenye mamia. Ya kwetu ilikuwa TB. Masharubu yapo, sikio lipo, nywele za juu ya sikio zimekuwa bonge moja. Kifua cha tai kimekwenda.

Na herufi ya kiwanda nayo ina uzito wake. Kuna miaka ambayo kiwanda kimoja kilipiga chungu nzima na kingine kikapiga kidogo, hivyo sarafu mbili zinazofanana kama mapacha zikapishana bei mara tano kwa ajili ya herufi moja. Ndiyo maana nawaambia watu: msinitumie picha ya kichwa pekee. Kila mtu hupiga picha ya mfalme. Mimi nataka makucha ya tai.

Sasa nirudi kwa yule mtu aliyesema mamilioni. Binamu alinieleza kwa sauti ya chini. Mtu huyo amesema ana mnunuzi wa nje, Mzungu, yuko tayari kwa shilingi milioni 40, ila sarafu lazima kwanza ipelekwe kwenye "vipimo", na vipimo ni laki mbili, zilipwe kwanza. Shangazi alikuwa ameanza kuzitafuta.

Hili linaniuma. Tumekulia kwenye hadithi za rupia za Mjerumani, za mali zilizozikwa chini ya mbuyu, za sarafu inayozima redio au kuvuta mchele. Watu wameuza mashamba kwa ajili ya hadithi hizo. Nasema waziwazi: hakuna kipimo cha maabara kinachohitajika kwa santimu 10 ya Napoleon wa Tatu. Mizani ya sonara, rula na kioo cha kukuzia vinatosha, na vyote vitatu binamu alivipata kwa jioni moja bila kutoa senti. Mnunuzi wa kweli wa sarafu hulipa, haombi kulipwa. Akikuomba chochote kabla, iwe ya vipimo, ya kibali au ya nauli, funga mlango.

Na mtandaoni kuna mtego mwingine usio na mtu nyuma yake wa kukutisha. Binamu alikuwa ametafuta jina la sarafu akakuta tangazo la euro 4,500. Tangazo lilikuwepo kweli, nililiona. Lakini bei ya kuomba si bei ya kuuza. Mimi naweza kuweka kikombe changu cha chai mtandaoni kwa euro 4,500 na kitakaa hapo mpaka nizeeke. Unachotakiwa kutafuta ni mauzo yaliyokwisha kufanyika, mnada uliofungwa, pesa iliyobadilisha mkono. Tovuti kubwa za minada zina kitufe cha kuonyesha vilivyouzwa tu. Kibonyeze, na zile euro 4,500 zinatoweka zote, zinabaki 3, 5, 2, 8, na mara moja moja 60 kwa kipande kizuri kweli.

Kwenye mabakuli haya ya Jumapili kuna ndugu wa sarafu hii ambao wanastahili kujulikana, kwa kuwa huchanganywa nayo. Kuna santimu 10 za Italia za Vittorio Emanuele II, gramu 10 na milimita 30 vilevile, rangi ileile. Waitaliano walifuata vipimo vya Kifaransa, na kwenye mji kama huu ulio jirani na mpaka wao, vipande hivyo vimejaa. Soma jina, usitegemee rangi.

Ndugu wa pili nilionyeshwa na mama mmoja wa Kingazija, jirani yangu wa ghorofa ya pili. Marseille ina Wakomoro wengi, na ukipanda basi asubuhi unaweza kusikia lugha ambayo masikio ya mtu wa Tanga huidaka nusu nusu, kama redio ya kisiwa cha jirani. Mama huyu aliposikia ninakusanya sarafu alitoa kwenye mkoba kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua polepole. Upana uleule, unene uleule, shaba ileile. Lakini badala ya mfalme wa Ufaransa kulikuwa na maandishi ya Kiarabu na mwaka 1308 wa Hijra. Ni santimu 10 ya Sultani Said Ali bin Said Omar wa Ngazidja, iliyopigwa Paris mwaka 1890, miaka michache baada ya Wafaransa kukiweka kisiwa chini ya himaya yao. Vipimo vya Napoleon vimebaki, jina limebadilika. Hizo zilipigwa chache, na kwa hali nzuri zinazidi sou nene ya kawaida kwa mbali. Nilimwomba kitu kimoja tu: asiisugue. Akanitazama kwa mshangao. "Nani asugue kitu cha bibi yake?"

Na wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote. Tarehe 2 Septemba 1870, baada ya mapigano ya Sedan, Napoleon wa Tatu alijisalimisha kwa Waprusi na jeshi lake lote. Hasira ya Wafaransa ikashukia kwenye kitu cha karibu zaidi chenye sura yake, yaani sou iliyokuwa mfukoni. Watu wakachukua misumari na patasi ndogo, wakamchonga kofia ya Kiprusi yenye mwiba juu, wakamtia kiko mdomoni, wengine wakamfunga kola shingoni iliyoandikwa SEDAN. Ilipendwa mpaka mafundi wakapiga medali kamili za namna hiyo, upana uleule wa santimu 10, zenye maneno "Napoleon III mnyonge" na "wafungwa 80,000" kwa Kifaransa. Na nyuma, mahali pa tai, wakaweka bundi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa bundi maana yake nini.

Vipande hivyo hutafutwa, na bei yake ni mara kadhaa ya sarafu ambayo haikuguswa. Kwa hiyo ile kanuni ya kutogusa ina upande huu pia: mkwaruzo wa 1870 una thamani, wa ndimu yangu hauna. Ukikuta mfalme mwenye kofia isiyo ya kawaida, tazama kama weusi umeingia ndani ya michoro kama ulivyoingia kwenye nywele. Kama mchoro unang'aa na sarafu yote ni nyeusi, umechongwa juzi.

Kuna jambo moja lilibaki kwenye sarafu ya bibi, na sikuweza kulala vizuri kwa ajili yake. Karibu na mwaka, huwa kuna alama ndogo mno, ndogo kuliko punje ya ufuta. Moja ni ya mkurugenzi wa kiwanda; ya Paris wakati huo ilikuwa mkono, na baada ya 1860 ikawa nyuki. Nyingine ni ya mchongaji mkuu. Jacques-Jean Barre, yule aliyeweka jina lake chini ya shingo na ambaye pia ndiye aliyechonga stempu za kwanza za Ufaransa mwaka 1849, alitumia kichwa cha mbwa mwindaji. Alifariki katikati ya mwaka 1855. Mwanawe Albert akashika kazi ya baba, na alama yake ilikuwa nanga. Kwa hiyo sarafu za mwaka 1855, na mwaka huo peke yake, zinaweza kuwa na mbwa au nanga. Bei haibadiliki sana. Lakini mimi nilitaka kujua ilipigwa mzee angali hai au keshaondoka.

Picha za simu hazikutosha. Kila mara ilikuwa doa tu. Nikamwelekeza binamu aende tena kwa sonara, amwombe ile lenzi anayoivaa jichoni, aiweke mbele ya kamera ya simu, sarafu iwe dirishani, mwanga uingie kwa ubavu na si kwa juu. Ilichukua siku nne, kwa kuwa sonara alikuwa na harusi mbili za kuhudumia.

Ijumaa mchana ukaja ujumbe wa sauti, na haukutoka kwa binamu. Alikuwa shangazi mwenyewe. Amekwenda kwa sonara kwa miguu yake, ametazama kwa jicho lake. "Mwanangu, ni mbwa. Mwembamba, pua ndefu, masikio yamelala nyuma. Nimemwona. Na yule mtu wa vipimo nimemwambia asirudi." Nyuma yake nilisikia nyundo ya sonara ikigonga, kisha sauti yake tena, karibu zaidi na simu: "Nimeifunga kwenye kipande cha kanga ya bibi, nimeirudisha kasheni. Nyeusi hivyohivyo."